Elimu ya Asia ya Mashariki Katika Simu ya Nyumbani

Elimu ni bahari, walinena wahenga. Siku hizi bahari hiyo imeingia ndani ya simu inayokaa mfukoni mwa koplo au kando ya jiko la mkewe. Hata hivyo, aendaye baharini bila kuzijua pepo na miamba hurudi mikono mitupu, na pengine harudi kabisa. Ndivyo ilivyo kwa mzazi au mwalimu atakaye kuwafundisha watoto historia na utamaduni wa Uchina, Japani na Korea kwa msaada wa intaneti. Shida yake si uhaba wa habari. Shida ni wingi wake, na kwamba humo kweli na uongo huvaa sare moja.

KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO

Watoto wengi huzipata habari za Asia ya Mashariki kwa njia ya sinema za mapigano. Humo kila mtu hurusha mateke hewani, na mtazamaji hutoka akiamini kwamba Mchina, Mjapani na Mkorea ni watu wamoja wenye lugha moja. Mtoto wa namna hiyo akikua akawa polisi, ataandika maelezo ya shahidi aliyetoka Seoul na kumwita Mchina. Tena atalichukua jina la mwisho akidhani ndilo la ukoo, kumbe kwa desturi ya nchi hizo tatu jina la ukoo hutangulia. Mao Zedong alikuwa wa ukoo wa Mao, wala si wa ukoo wa Zedong. Wajapani nao hutanguliza jina la ukoo katika lugha yao, ingawa wengi wamezoea kuligeuza waandikapo kwa lugha za Ulaya. Askari asiyelijua hilo aweza kulipoteza jalada, au kumtafuta mtu asiyekuwapo.

Lugha zenyewe ni tatu mbalimbali, na mwenye moja hamwelewi mwenye nyingine. Wajapani walichukua alama za maandishi kutoka Uchina, kisha wakaziongezea herufi zao wenyewe. Wakorea walitumia alama hizo hizo za Kichina kwa karne nyingi, hadi Mfalme Sejong alipokamilisha herufi mpya mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, ili raia wasio na elimu kubwa nao wapate kusoma. Herufi hizo zilikuwa 28. Zinazotumika leo ni 24. Mtoto akizitazama alama za Kichina na herufi za Kikorea kando kwa kando kwa dakika tano tu, hatazichanganya tena maisha yake yote.

KITU KIENDEWE NYUMBANI KWAKE

Kanuni ya kwanza ya mtafutaji ni kwenda kwenye nyumba inayokihifadhi kitu chenyewe. Maktaba na majumba mengi ya makumbusho yamezipiga picha hazina zao na kuzifungua kwa watu wote bila malipo. Picha iliyotoka huko huja na maelezo: kitu kilitengenezwa lini, na nani, kwa nini, na kilifikaje hapo. Picha ile ile ikiokotwa penginepo huja bila wazazi, na kila mtu huipa jina alitakalo.

Mfano mzuri ni Sutra ya Almasi, kitabu cha dini ya Buddha kilichochapwa kwa vibao vya mti nchini Uchina mwaka 868. Hicho ndicho kitabu kikongwe kuliko vyote vilivyochapwa ambavyo vimebaki na tarehe kamili. Kilikuwa katika pango lililozibwa karibu na Dunhuang, mji wa jangwani uliokuwa katika njia ya biashara ya hariri. Mtawa aliyeitwa Wang Yuanlu aliligundua pango hilo mwaka 1900. Mwaka 1907 mvumbuzi Aurel Stein alichukua maandishi mengi ya humo, akayapeleka London. Mengine yalikwenda Paris, na mengine Beijing. Kwa kuwa ndugu hao wa pango moja wametawanyika duniani, tangu mwaka 1994 umekuwapo mpango wa kimataifa wa Dunhuang, wenye makao katika British Library, unaozikusanya picha zao mahali pamoja mtandaoni. Mwalimu akiutumia, hufundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: ustadi wa Wachina wa kuchapa vitabu, na habari ya mali ya taifa inavyoweza kusafiri mbali na kwao.

Mfano wa pili ni Jikji, kitabu cha Korea kilichochapwa mwaka 1377 kwa herufi za chuma ambazo hupangwa, hutenguliwa na kupangwa upya. Ni juzuu ya pili peke yake iliyosalia, nayo imo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris, ambayo imeweka kurasa zake mtandaoni. Watoto wengi hufundishwa kwamba kazi ya namna hiyo ilianzwa na Gutenberg wa Ujerumani. Biblia yake ilimalizika kuchapwa karibu mwaka 1455, yaani miaka 78 hivi baada ya Jikji. Kusema hivyo si kumvunjia heshima Mjerumani yule. Ni kumpa kila mmoja haki yake.

Atakaye picha za vyombo, nguo, silaha na michoro hana budi kulikumbuka jumba la Metropolitan la New York. Mwezi Februari 2017 jumba hilo lilitoa picha zaidi ya 375,000 za vitu vyake zitumiwe na yeyote bila kuomba ruhusa. Pamoja na hizo lina makala fupi zilizopangwa kwa nchi na kwa karne. Mwalimu anayetaka somo lililokwisha kupangwa, lenye ramani, maandishi ya kale na maswali ya kuwauliza wanafunzi, atafute Asia for Educators, kazi ya Chuo Kikuu cha Columbia, ambayo imeandikwa kwa ajili ya walimu hasa.

ALIYEANDIKA NI NANI, NA ALIMWANDIKIA NANI?

Kanuni ya pili yafahamika vizuri kwa kila askari aliyewahi kupokea ripoti: habari hupimwa pamoja na mletaji wake.

Mwezi Julai 1853 Komodoro Matthew Perry wa Marekani alitia nanga na manowari nne karibu na Edo, mji ambao leo huitwa Tokyo. Kwa zaidi ya karne mbili Japani ilikuwa imewafungia mlango wageni wengi wa Ulaya, ikiwaruhusu Waholanzi peke yao kufanya biashara Nagasaki. Perry alirudi mwaka 1854 na manowari nyingi zaidi, na tarehe 31 Machi mkataba ukatiwa saini. Wachoraji wa pande zote mbili walikuwapo kazini. Mmarekani alimchora Perry kama kiongozi mtulivu mwenye kuleta ustaarabu. Baadhi ya Wajapani walimchora kama zimwi lenye pua ndefu na macho ya kutisha. Picha hizo zimewekwa kando kwa kando katika Visualizing Cultures, mradi wa chuo cha MIT cha Marekani ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanahistoria John Dower pamoja na mwanaisimu Shigeru Miyagawa. Mtoto akiulizwa ni ipi kati ya hizo iliyo ya kweli, atafikiri kuliko alivyofikiri kwa wiki nzima.

Mradi huo huo ulipata kujifunza jinsi picha ilivyo na makali. Mwezi Aprili 2006 ulionyesha picha zilizochapwa Japani wakati wa vita vya 1894 na 1895 baina ya Japani na Uchina. Mojawapo ilionyesha askari wa Japani wakiwakata vichwa mateka wa Kichina. Shabaha ya waandishi ilikuwa kueleza propaganda ilivyofanya kazi, lakini wanafunzi wa Kichina walioiona picha bila kuyasoma maelezo yake waliumia sana. Kurasa hizo ziliondolewa kwa muda, kisha zikarudishwa zikiwa na maelezo zaidi. Funzo kwa mzazi li wazi: picha ya vita isipewe mtoto ikiwa peke yake. Kwanza aelezwe ni nani aliyeichora, alitaka watazamaji wake waamini nini, na waliochorwa walipatwa na nini.

Korea inatoa mfano wa mwandishi asiyeogopa. Nasaba ya Joseon iliandikiwa kumbukumbu za wafalme 25, tangu mwaka 1392 hadi 1863, na mfalme hakuruhusiwa kuyasoma maandishi ya waandishi wake. Mwaka 1404 Mfalme Taejong alianguka kutoka juu ya farasi alipokuwa akiwinda. Aliinuka, akatazama huku na huku, akaagiza mwandishi wa kumbukumbu asiambiwe. Mwandishi aliliandika anguko, akaliandika na agizo lenyewe. Kumbukumbu hizo ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia, na taasisi ya taifa ya historia ya Korea imeziweka mtandaoni bila malipo. Ziliandikwa kwa Kichina cha kale na kufasiriwa kwa Kikorea cha leo. Kwa hiyo msomaji wa huku atahitaji msaada wa mtambo wa kufasiri, ambao kazi yake ni ya kukadiria tu na haifai kuaminiwa neno kwa neno.

MASHAHIDI WAWILI NI BORA KULIKO MMOJA

Kanuni ya tatu ni kulinganisha. Neno lililorudiwa mara elfu halijawa ushahidi, kwa maana huenda wote elfu walilichukua kwa mtu mmoja aliyekosea.

Upo msemo kwamba Ukuta Mkuu wa Uchina huonekana kwa macho matupu kutoka mwezini. Umo katika vitabu na kurasa nyingi. Mwezi Oktoba 2003 Yang Liwei, mwanaanga wa kwanza wa Uchina, alirejea kutoka kwenye safari yake ya kuizunguka dunia akasema hakuuona, wakati alikuwa karibu mno na dunia kuliko mwezi ulivyo. Ukuta ni mrefu, lakini wembamba wake na rangi yake huufanya ufanane na ardhi iliyo kando yake.

Askari wanaopenda kutaja maneno ya Sunzi, ambaye vitabu vya zamani humwandika Sun Tzu, nao wajihadhari. Kitabu chake cha sanaa ya vita kina sura 13 tu, na ni kifupi kiasi cha kusomwa kwa jioni moja. Tafsiri ya Kiingereza ya Lionel Giles ya mwaka 1910 hupatikana bure kwa Project Gutenberg, na maandishi ya Kichina yamo katika Chinese Text Project. Nakala kongwe inayojulikana iliandikwa juu ya vipande vya mwanzi, ikafukuliwa kaburini mwaka 1972 huko Yinqueshan, katika jimbo la Shandong. Pamoja na hayo yote, maneno mengi yanayozungushwa kwa jina lake hayamo kabisa katika kitabu hicho. Ushauri maarufu wa kumweka adui karibu zaidi kuliko rafiki haupo katika sura hata moja ya zile 13. Umaarufu wake ulitokana na sinema ya Marekani ya mwaka 1974.

Mfano wa tatu unaigusa pwani ya Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba twiga alipelekwa Uchina kutoka Malindi, mwaka 1415, wakati wa safari za merikebu za Zheng He. Lakini mchoro maarufu wa twiga wenye maandishi ya Shen Du ni wa mwaka 1414, na twiga wake alitoka kwa mtawala wa Bengali. Kurasa nyingi huwachanganya wanyama hao wawili kwa kuwa habari ya Malindi inapendeza zaidi masikioni. Mwalimu anayewapenda watoto wa Afrika asiwape fahari ya kuazima. Iliyo yao, ile ya mwaka 1415, yatosha.

MAJINA NA TAHAJIA

Hapa ndipo watafutaji wengi hukwama. Vitabu vya zamani vilivyobaki katika maktaba za shule huandika Peking na Mao Tse-tung. Mtandaoni leo huandikwa Beijing na Mao Zedong. Mji ni ule ule na mtu ni yule yule. Uchina iliidhinisha mfumo mpya wa kuandika lugha yake kwa herufi za Kilatini mwaka 1958, na polepole dunia ikaufuata. Hali kadhalika nasaba ya Joseon yaweza kuonekana kitabuni kama Choson. Basi mtafutaji akikosa kitu kwa tahajia moja, asikate tamaa mapema. Ajaribu na ya pili, kisha aandike zote mbili katika daftari.

KAZI YA JIONI MOJA

Si lazima mzazi awe mtaalamu. Achukue mchoro mmoja tu, mathalani ule wa Zhang Zeduan unaoonyesha maisha ya mjini kando ya mto wakati wa nasaba ya Song, karne ya 12 ilipokuwa ikianza. Mchoro huo una urefu wa zaidi ya mita 5, huviringishwa kama mkeka, na umehifadhiwa katika Makumbusho ya Kasri mjini Beijing. Asia for Educators imeujengea masomo mazima. Watoto waulizwe: wanyama wangapi wa mizigo wanaonekana? Watu wanauza nini? Kwa nini mabaharia walio chini ya daraja wanahangaika? Wakitazama vema wataona jahazi linakaribia daraja na mlingoti wake unalazwa kwa haraka usije ukagonga. Kwa swali hilo moja watakuwa wamejifunza kwamba Uchina ya miaka 900 iliyopita ilikuwa na miji mikubwa, biashara ya mtoni, na watu wenye haraka kama wa leo.

Kuhusu gharama, busara ni kupakua mara moja na kutumia mara nyingi. Picha ipakuliwe mahali penye mtandao wa bure au bei nafuu, ihifadhiwe simuni, na chini yake iandikwe ilikotoka na tarehe ilipochukuliwa. Kwa walio katika vituo vya mbali visivyo na mawimbi, ipo programu ya bure iitwayo Kiwix, inayowezesha kuihifadhi kamusi elezo ya Wikipedia simuni au katika kompyuta na kuisoma bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili nayo imo. Wala asifikiri mtu kwamba kilichopo leo kitakuwapo kesho. Mwezi Oktoba 2023 wahalifu wa kompyuta waliishambulia British Library, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikafungwa kwa miezi. Mwenye akiba yake aliendelea kufundisha.

YALE MACHUNGU

Historia ya Asia ya Mashariki ina majeraha ambayo hayajafunga. Utawala wa Japani juu ya Korea tangu 1910 hadi 1945, mauaji ya Nanjing ya mwaka 1937, mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945, na vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 ni mambo yanayosimuliwa kwa namna mbalimbali kulingana na nchi ya msimuliaji. Mwalimu asiyakwepe, wala asijifanye hakimu wa haraka. Japani yenyewe ilifungua mwaka 2001 kituo kiitwacho JACAR, ambacho huonyesha mtandaoni nyaraka za serikali yake na majeshi yake, na mwanafunzi mkubwa aweza kuona humo jinsi maofisa walivyoandika siku zile zile. Tena mwaka 2005 walimu na wanahistoria kutoka Uchina, Japani na Korea Kusini walitoa kitabu kimoja cha historia ya karibuni walichokiandika pamoja, kikachapwa katika lugha zote tatu. Ikiwa watu ambao babu zao walipigana waliweza kuketi meza moja na kuulizana kilichotokea, mtoto aliye mbali na vita vile hana sababu ya kurithi chuki isiyo yake.

Basi jioni moja katika wiki ijayo, simu na iwekwe katikati ya meza baada ya chakula. Ichaguliwe picha moja, kutoka katika nyumba inayoihifadhi, na kila aliyepo aulize swali moja. Baba akishindwa kujibu, aseme hajui, kisha jibu litafutwe na wote. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mtoto aliyemwona mkubwa wake akitafuta kweli kwa uvumilivu amekwisha kulipata somo lililo kubwa kuliko habari za Uchina.